Kona ya Vitabu: Mwisho wa hadithi ni wa nani?



Mwezi huu barua moja imetushika. Imetoka kwa kikundi cha vijana wa Mongbwalu, wanakwaya wenye kuimba siku ya Jumapili na kuchimba siku zile nyingine. Katika sanduku la vitabu vya kanisa walikuta kitabu kidogo kisicho na jalada, mchwa wamekila pembeni. Wakaanza kukisoma kwa sauti jioni, sura moja moja, hata majirani wakawa wanaleta viti vyao. Kitabu chenyewe ni Shamba la Wanyama. Sasa vijana hao wanataka kukifanya filamu kwa simu zao, na pia kukirekodi kwa sauti, ili wachimbaji wakiingize katika kadi za simu na kukisikiliza kule kariere. Wanaandika hivi:

“Papa, kazi tuko tayari kuifanya, lakini franga hatuna. Kuko PDG mmoja alisema atatupatia jenereta, projekta na franga ya chakula ya wachezaji. Lakini mwisho ya kitabu haimupendeze. Anasema nguruwe wafukuzwe, wanyama wafurahi, na watu warudi ku nyumba na moyo muzuri. Na ile fasi nguruwe na watu wanakula pamoja ku meza, itoke kabisa. Papa, tufanye namna gani?”

Kwa wasomaji wasiojua maisha ya kariere, PDG hapa si mkubwa wa kampuni. Ndivyo wanavyomwita kwetu mtu mwenye kugharimia shimo, yule anayetoa chakula na vyombo wakati wengine wanachimba, kisha anachukua sehemu yake dhahabu inapoonekana. Sitaki kumsema vibaya papa huyu. Ni wangapi kati yetu wamewahi kutoa jenereta kwa ajili ya kitabu? Na kupenda hadithi inayoisha vizuri si dhambi. Mimi mwenyewe nyumbani nikisimulia hadithi usiku, watoto wakianza kulia, nimekwisha kumfufua sungura zaidi ya mara moja.

Lakini jambo analoliomba papa huyu liliombwa zamani, na kwa kitabu hiki hiki. Waliokiomba walikuwa na pesa kushinda PDG wote wa Ituri, na walikipata. Kwa hiyo tunaweza kutazama kilichotokea.

Kwanza kitabu chenyewe. Mwandishi wake, George Orwell, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Blair, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1903. Aliandika hadithi hii kati ya Novemba 1943 na Februari 1944, katika vita vya pili vya dunia. Wachapishaji kadhaa waliikataa, sababu wakati ule Uingereza ilikuwa rafiki wa Urusi ya Stalin, na kila mtu mwenye macho aliona kwamba nguruwe mkubwa wa hadithi ni Stalin. Mwishowe kilitoka tarehe 17 Agosti 1945. Kwa Kiswahili kilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere, kikapigwa chapa Nairobi mwaka 1967. Waliosoma kwa Kifaransa wanakijua kwa jina la La Ferme des animaux.

Hadithi ni fupi. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, mlevi asiyewalisha. Wanaapa kwamba wote watakuwa sawa. Nguruwe, sababu wanajua kusoma, wanashika uongozi. Siku ile ya kwanza kabisa maziwa yanapotea, kumbe yanachanganywa katika chakula cha nguruwe. Halafu matofaa nayo yanakuwa yao. Polepole amri zilizoandikwa ukutani zinabadilishwa usiku. Farasi mwenye nguvu, aliyefanya kazi kushinda wote, anapoishiwa nguvu anauzwa kwa mchinjaji, na nguruwe wananunua pombe. Mwisho, wanyama wanasimama nje ya dirisha wakichungulia. Ndani nguruwe na watu wanakula, wanakunywa, wanacheza karata, wanagombana. Wale walio nje wanatazama sura hizi na sura zile, na hawawezi tena kuzitofautisha. Hadithi inaishia hapo hapo dirishani.

Orwell alikufa Januari 1950. Muda mfupi baadaye haki za kukifanya filamu zilinunuliwa kwa mjane wake. Mtengenezaji Mmarekani, Louis de Rochemont, aliwapa kazi wachoraji wawili wa London, mume na mke, John Halas na Joy Batchelor. Filamu ya michoro ikatoka mwaka 1954, ya kwanza ya namna hiyo, ndefu na ya Kiingereza, kuonyeshwa katika sinema za Uingereza. Kwa uchoraji ni kazi ya mabingwa. Sauti za wanyama wote, tangu nguruwe mpaka kondoo, zilitolewa na mtu mmoja tu, Maurice Denham. Vijana wa Mongbwalu, shikeni habari hiyo, tutairudia.

Pesa zilitoka wapi? Miaka mingi watu hawakujua. Baadaye watafiti walifungua karatasi na kuandika vitabu, kimoja mwaka 1999 na kingine mwaka 2007, ndipo ikajulikana wazi kwamba nyuma ya filamu ile lilikuwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Wachoraji wenyewe, inaonekana, hawakujua wanakula chakula cha nani. Wale wenye pesa walitaka filamu ya kuwapiga Warusi, na mwisho wa Orwell haukuwatosha. Katika filamu punda anawaongoza wanyama, wanavamia nyumba, nguruwe wanashindwa. Watu wanatoka sinema na moyo mzuri, kama papa wa Mongbwalu anavyotaka.

Sasa tazameni jambo la pili, ambalo ni dogo lakini mimi naliona kubwa kushinda la kwanza. Katika karamu ile ya mwisho, filamu iliwaondoa watu. Mezani walibaki nguruwe peke yao, nguruwe wa shamba hili pamoja na wageni nguruwe wa mashamba mengine. Kwa nini? Sababu kwa Orwell wale watu waliokaa na nguruwe walikuwa mabwana wa nchi tajiri, Uingereza na Marekani zikiwamo, wakifanya biashara na Stalin na kugongeana naye glasi. Yule aliyelipa filamu alijiona mezani. Akajitoa.

Basi vijana, someni tena barua yenu. Papa PDG aliomba mambo mawili: nguruwe washindwe, na ile meza ya nguruwe na watu itoke. Ni yale yale mawili ya mwaka 1954. Sidhani amewahi kuiona filamu ile. Yeye aliyafikia peke yake, kwa kusikia hadithi tu. Hiyo yaonyesha kwamba hadithi iliingia mahali pake. Mtu hawezi kuomba kiti chake kiondolewe kama hakukiona.

Najua mtaniuliza: lakini Papa, mwisho wa kushinda hauwatii watu moyo? Tunakaa katika nchi ya majonzi, kwa nini tuwaongezee? Nimelifikiri swali hilo wiki mbili. Jibu langu ni hili. Mtu akitazama punda akivunja nyumba ya nguruwe, kazi imekwisha, ameifanya punda. Anarudi kulala. Lakini mtu akiachwa dirishani pamoja na wale wanyama, hana mahali pa kwenda isipokuwa nyumbani kwake, na njiani anaanza kujiuliza juu ya mzani wa dhahabu, juu ya deni la chakula ambalo haliishi, juu ya daftari ambalo anayeliandika ni mmoja na wengine hawajui kusoma. Maswali hayo hamtayaandika ninyi. Yanakuja yenyewe.

Kumbukeni nabii Nathani alipomwendea Daudi na ile hadithi ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini. Kama mfalme ndiye angekuwa amelipia hadithi ile, mwana-kondoo angerudishwa kwa mwenyewe, tajiri angeomba radhi, na Daudi angelala usingizi mzuri usiku ule.

Msifikiri nasema kila badiliko ni wizi. Hapana. Kitabu kikiingia katika sinema au redio lazima kibadilike, na mara nyingine kinapata faida. Mfano mzuri ni wa Msenegali Ousmane Sembène. Mwaka 1965 alitoa hadithi fupi kwa Kifaransa, Le Mandat. Mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, asiye na kazi, analetewa hundi ya posta ya franga 25.000 kutoka kwa mtoto wa dada yake anayefagia barabara za Paris. Sehemu kubwa ya hizo pesa si zake, ametunziwa tu. Lakini habari inaenea mtaani kabla ya yeye mwenyewe kuishika hundi: huyu anakopa, yule anaomba mchele. Posta wanamdai kitambulisho. Kwa kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa, na kwa cheti anatumwa dirisha lingine. Mwishowe jamaa msomi anayejifanya kumsaidia anazila zote. Ni nani katika Ituri hamjui Ibrahima Dieng?

Sembène aliona kwamba Ibrahima Dieng wa kweli hawezi kukisoma kitabu kinachomhusu. Hajui Kifaransa wala kusoma. Ndiyo sababu, ingawa alikuwa mwandishi mwenye jina, alikuwa amekwenda Moscow mwaka 1962, akiwa karibu na miaka 40, kujifunza kazi ya kamera. Mwaka 1968 alikifanya kile kitabu kuwa filamu, Mandabi. Kwa sababu ya wenye pesa ilipigwa mara mbili, moja kwa Kifaransa na moja kwa Kiwolof. Ile ya Kiwolof ndiyo dunia inayoikumbuka. Hapo lugha ilibadilika, nusu ya maneno ya kitabu ilitupwa, mahali pa maelezo pakaingia uso wa mzee anayekula mpaka jasho linamtoka. Lakini mzee analiwa kama alivyoliwa kitabuni. Mwenyewe alikuwa hai, akaulinda mwisho wake. Orwell hakuwa hai.

Na karibu na kwetu, riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Kitabu ni kinene, filamu ni ya saa moja na nusu hivi. Mengi yalikatwa, lazima. Wanafunzi wa Tanzania waliokisoma shuleni wanaweza kugombana siku nzima juu ya yaliyokatwa. Ugomvi wa namna hiyo ni mzuri, sababu kila mmoja anaweza kurudi kwenye kitabu na kuonyesha.

Kwa hiyo badilisheni. Farasi hatuna Mongbwalu. Mfanyeni awe mbebaji wa mifuko ya mchanga, yule asiyechoka, anayeimba. Shamba liwe kariere, kinu cha upepo kiwe mashine ya kusaga mawe. Sinema yenu ichezwe na watu waliovaa vinyago vya maboksi. Msijaribu kuwafundisha mbuzi wa jirani, hawatasikia. Lugha iwe Kiswahili mnachokisema, si kile cha kitabu cha shule, sababu mchimbaji akisikia Kiswahili cha shule anadhani ni tangazo la serikali.

Jambo moja tu katika sauti nawakataza kabisa, na hapa naongea kama mzazi. Msimpe nguruwe lafudhi ya kabila lolote. Wala mbwa, wala kondoo. Tunatoka katika vita vya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 damu imemwagika tena. Katika jimbo letu watu wamekwisha kuitana majina ya wanyama kabla ya kuuana. Mkirekodi nguruwe anayesema kama Mhema, au kama Mlendu, au Mwaluri, hamtakuwa mmefanya hadithi ya Orwell. Mtakuwa mmefanya kitu kingine, na hakitaweza kurudishwa katika simu kikishatoka. Msomaji mmoja awasemee wote, kama Denham, au mbadilishane wanyama kila sura.

Sasa juu ya ruhusa, sababu mliuliza pia. Sheria ya Kongo juu ya haki za waandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986. Kazi ya mtu haigeuzwi filamu wala kutafsiriwa pasipo ruhusa yake au ya warithi wake. Kwa kitabu cha Kiingereza cha Orwell hamna shida, hata kule Uingereza, ambako haki hudumu miaka 70 baada ya kifo, ulinzi uliisha pamoja na mwaka 2020. Lakini Kiswahili cha Kawegere ni kazi ya Kawegere. Kukisoma jioni na majirani ni sawa. Kukirekodi neno kwa neno na kukigawa si sawa pasipo ruhusa. Mkamwombe mwalimu wa Kiingereza wa shule yenu asome kile cha asili sura kwa sura, naye awaelezee, nanyi mkisimulie upya kwa maneno ya kwenu. Ni kazi ndefu, lakini itakuwa yenu.

Na hapo ndipo naona njia ya kutoka katika neno la PDG. Ninyi mmeanza na filamu, na filamu inadai jenereta, projekta, chakula cha wachezaji. Anzeni na sauti. Sauti inadai simu moja, chumba kilichotundikwa blanketi ukutani, na usiku ambao mashine za kusaga mawe zimezimwa. Kitabu kina sura 10. Chote kikisomwa kwa sauti kinachukua karibu saa tatu, maana yake vipindi 10 vya dakika 20 hivi. Ndoo ya maziwa ni ndoo na maji. Jeshi la wanyama ni kwaya yenu. Hakuna hata franga moja ya PDG inayohitajika, na hakuna atakayegusa mwisho. Wakati kadi zitakapokuwa zimezunguka kariere zote na watu wanaujua ule mwisho kwa kichwa, hapo rudini kwake kwa heshima, mkae naye, mumwambie: papa, filamu tungependa kuifanya na wewe, kama hadithi ilivyo. Akikubali, muandike kwenye karatasi, na yeye atie sahihi. Akikataa, msimtukane. Mumwachie kadi moja.

Nataka kuwaachia kitu kimoja cha redio, sababu wengi hawakijui. Orwell alifanya kazi katika redio ya BBC wakati wa vita, aliijua vizuri. Januari 1947 kitabu chake kilitolewa redioni London, na maneno ya mchezo aliyaandika yeye mwenyewe. Kwake yeye, mahali hadithi inapopindukia ni pale mwanzoni, nguruwe wanapojitwalia maziwa na matofaa na wengine wananyamaza. Aliogopa wasikilizaji wangepita pale pasipo kusikia. Kwa hiyo akaongeza mistari michache ambayo haimo kitabuni: wanyama wachache wanaulizana kama ni haki nguruwe kuchukua matofaa yote, na kwamba wao walidhani yatagawanywa sawasawa. Mtayarishaji wa kipindi aliikata mistari ile. Sijui kama alihesabu dakika au aliiona haina maana. Lakini ilikatwa, na mwandishi bado hai.

Katika kipindi chenu cha kwanza, irudisheni. Si kwa maneno yake, kwa maneno yenu. Waacheni wawili watatu waulizane pole pole, kama watu wanavyoulizana kweli jioni mbele ya mwenye mzani, pasipo kupandisha sauti. Na kama matofaa hayajulikani kule kwenu, semeni maembe.